Bukoba hadi Kapchorwa: maji ya Jinja na mbio za Mlima Elgon

Nayaandika haya nikiwa nimesharudi Bukoba, kutoka kwenye daftari langu dogo na picha zilizojaa simu ya mpwa wangu. Mimi nafundisha jiografia sekondari. Yeye, mtoto wa kaka yangu, anakimbia mita 5,000 na ameshafika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Nilitaka kuuona Nile unapotoka ziwani na kujua mabwawa yameufanya nini. Mwenzangu alitaka kukanyaga Kapchorwa, kwenye Mlima Elgon, wanakotoka wakimbiaji akina Joshua Cheptegei. Tukachanga nauli. Bei ninazotaja ni shilingi za Uganda nisiposema vingine. Mutukula, mpakani, walitupa kama 1,400 kwa kila 1,000 ya kwetu.

Ijumaa, 26 Desemba 2025. Bukoba, Mutukula, Kayabwe, Kampala

Haisi ya kwenda Mutukula iliondoka stendi ya Bukoba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nauli 8,000 za Tanzania. Siku moja baada ya Krismasi barabara ilikuwa tupu. Tulipofika daraja la Kyaka, Kagera ilikuwa imejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikamwambia mpwa wangu kwamba maji haya yanaingia ziwani upande wa Uganda, na mbele ya safari tutayakuta Jinja yakiitwa Nile.

"Kwa hiyo tunashindana nayo, Shangazi?"

Nikamwambia tumeshashinda. Tone linaloingia Ziwa Victoria linaweza kukaa humo miaka mingi kabla ya kupata mlango wa kutokea, na sehemu kubwa ya maji ya ziwa ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mama aliyekaa mbele yetu na kikapu cha ndizi akageuka na kuniuliza kama mimi ni mwalimu. Ndivyo tunavyojulikana.

Mutukula siku hizi unagongewa mihuri ya nchi zote mbili kwenye jengo moja. Dakika ishirini tukawa tumemaliza. Msafiri, beba pasi au hati ya dharura ya uhamiaji, na usisahau kadi ya homa ya manjano. Jamaa mmoja mbele yetu aliisahau na alikuwa bado anajieleza tulipoondoka. Fedha badilisha kidogo tu hapo, ya nauli na chakula. Laini ya simu nunua upande wa pili na usajili kwa pasi.

Mutukula hadi Masaka tulilipa 20,000 kila mmoja. Wenyewe gari hilo wanaliita teksi: ni haisi ya abiria kumi na wanne, nasi tulikuwa kumi na saba na jogoo. Lukaya tukateremka kula. Wauzaji wanakimbilia madirishani na mishikaki ya nyama na ndizi tamu za kuchoma. Mishikaki mitatu, ndizi mbili na soda, 14,000.

Kayabwe ndipo Ikweta inapokata barabara. Kuna miduara miwili mikubwa myeupe ya zege ambayo kila mtu anapigia picha, maduka ya vinyago, na kijana mwenye mabeseni matatu. Beseni moja liko kaskazini ya mstari, moja kusini, moja juu yake. Anamimina maji, anaweka ua dogo, anachomoa kizibo: huku ua linazunguka kulia, kule kushoto, katikati linashuka bila kuzunguka. Wazungu wawili walipiga makofi. Nami nilipiga makofi, kwa ustadi wa mikono yake. Nguvu ya mzunguko wa dunia inageuza tufani na mikondo ya bahari, ila kwa hatua chache kutoka Ikweta, ndani ya beseni la kunawia, haina lolote la kufanya. Kinachoamua ni jinsi unavyomimina. Nilitazama mkono wake: kaskazini alimimina akipitia ukingo wa kushoto, kusini akapitia wa kulia. Alipoona namtazama mkono akacheka na kuniambia kwa Kiswahili, "Mama, usinichomee kazi." Sikumchomea. Nikampa 5,000, na wanafunzi wangu watapata kipindi kizima juu ya hilo.

Kampala sina la kusema zaidi ya foleni kuanzia Busega na gesti ya 60,000 karibu na Old Kampala. Kulikuwa na kelele, lakini mashuka yalikuwa masafi.

Jumamosi, 27 Desemba. Kampala hadi Jinja

Kilomita 80, mwendo wa saa tatu. Nauli ya kawaida tuliambiwa ni 15,000. Kwa sababu ya sikukuu tukalipa 20,000 na hakuna aliyebisha. Baada ya mashamba ya miwa ya Lugazi barabara inaingia msitu wa Mabira na ghafla kunakuwa na ubaridi. Najjembe, katikati ya msitu, vijana wenye makoti yenye namba wanaziba madirisha kwa kuku wa kuchoma kwenye vijiti. Nunueni hapo, ila muulizeni bei kabla ya kushika kijiti.

Kabla ya Jinja unavuka Nile kwa daraja jipya la nyaya, lililofunguliwa Oktoba 2018, mita 525. Zamani magari yote yalipita juu ya bwawa lenyewe, lile la Owen Falls ambalo sasa ni Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Bwawani ni marufuku kupiga picha na askari hawatanii. Simu iache mfukoni.

Jinja ni mji wa baraza pana na majengo ya Wahindi yenye miaka ya 1920 na 1930 iliyochongwa juu ya milango. Uwanja wa gofu uko kando ya maji, na una sheria ya kienyeji ya zamani ambayo wachezaji wa gofu wanaisimulia mbali sana na hapa: mpira ukiingia kwenye alama ya mguu wa kiboko, unaruhusiwa kuuokota na kuuweka pembeni.

Usiku ndipo mambo yalipokuwa. Taifa Stars na Uganda walikuwa kundi moja AFCON kule Morocco, na siku hiyo ndiyo walikutana. Tukatafuta kibanda umiza cha kutazamia mpira nyuma ya soko, kiingilio 2,000. Mabenchi ya mbao, mabati, feni moja, watu kama mia mbili na Watanzania wawili. Mpwa wangu alikuwa amevaa jezi ya Stars chini ya sweta na nilimkataza kulivua. Msuva alipofunga penalti, kijana akasahau makatazo yangu, akasimama peke yake katika kibanda kizima na kupiga kelele. Kimya. Kisha mzee mmoja kando yetu akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mwacheni, ni mgeni wetu," na watu wakacheka. Uganda wakasawazisha, na dakika za nyongeza wakapata penalti. Nilifumba macho. Wakakosa. Ikaisha 1-1, na yule mzee akatusindikiza hadi gesti ili tusipotee, njia nzima akilaani miguu ya wachezaji wao.

Jumapili, 28 Desemba. Pale mto unapotoka

Bustani ya chanzo cha Nile, upande wa mashariki, tulilipa 10,000 kwa wote wawili kama Waafrika Mashariki. Onyesha pasi, usione haya kuomba bei yako. Ndani kuna sanamu ya kichwa cha Gandhi, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948. Ng'ambo ya mto kuna mnara wa Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika hapa Julai 1862 na kuyaita maporomoko haya Ripon, kana kwamba Wasoga, wenyeji wa hapa, walikuwa hawajayaona.

Ripon hayapo. Bwawa la 1954 liliyafunika, na leo pale ziwa linapogeuka mto unaona maji yakikaza mwendo tu, yakichemka kidogo juu ya mawe yaliyo chini. Mashua yote tuliambiwa 80,000. Familia moja kutoka Iganga ilisikia tukihesabu fedha, baba akatuita: "Ingieni na sisi, watoto hawana uzito." Hakutaka tuchangie zaidi ya 20,000, na mkewe akatupa sambusa. Nahodha akazima injini juu ya mahali panapobubujika na kutuambia maji haya yanachukua miezi mitatu kufika Misri.

Mpwa wangu akauliza, "Na ya Kagera je?" Nahodha akasema Kagera ni mambo ya Watanzania.

Alasiri tukapanda boda, 7,000, kwenda Bujagali. Nendeni, lakini mjue mnachokwenda kuona: ziwa tulivu, migahawa, mashua za starehe, ndege weusi wakikausha mbawa. Maporomoko ya Bujagali yalifunikwa maji yalipojazwa mwaka 2011, na mtambo wa megawati 250 ukazinduliwa Oktoba 2012. Kwa Wasoga hapo palikuwa makao ya mzimu Budhagali, na kabla ya maji kupanda yalifanywa matambiko ya kuuhamisha.

Mzee anayefunga mashua kwenye gati alinionyesha kwa kidole mahali mawe yalipokuwa. Kiswahili chake alikipata jeshini. Kabla ya bwawa, alisema, vijana wa hapa walikuwa wakiruka ndani ya maporomoko na dumu la plastiki lililofungwa vizuri, wanalikumbatia, wanazama, wanatokea chini huku watalii wakipiga picha. Naye alikuwa mmoja wao.

"Wanatoa elfu tano, wengine kumi. Siku nzuri unaruka mara nne."

"Ulikuwa huogopi, mzee?"

"Mama, njaa inaogopa maji?"

Akanionyesha kovu kwenye goti, refu, la rangi ya chungu kipya. Halafu akaendelea kufunga kamba. Sasa anapata mshahara mdogo wa kila mwezi na hajaingia majini miaka mingi. Nikamuuliza kama ni afadhali. Akasema mshahara ni afadhali, ila siku hizi hakuna anayemtazama akifanya kazi.

Nililifikiria hilo usiku. Mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi umepata umeme kutoka Uganda, kwa nyaya zinazopita Masaka hadi Kyaka. Madaftari ya wanafunzi niliyasahihisha kwa taa za mto huu. Kwa hiyo siwezi kuja hapa na kuwalilia Wasoga maporomoko yao kana kwamba mimi sikula mezani. Lakini nasema hivi: mteremko wa mto ni mali moja inayotakiwa na watu wawili, mwenye mtambo na mwenye kasia. Mwenye mtambo akifika, mwenye kasia anahama.

Jumatatu, 29 Desemba. Itanda

Na amehamia wapi? Itanda, kama kilomita 30 chini ya Jinja. Biashara ya kuteremka mto kwa mashua za mpira ilianza hapa miaka ya 1990 na Bujagali palikuwa kitovu chake. Bwawa lilipokuja, kampuni zikasogea chini. Mwaka 2007 serikali ya Uganda na Benki ya Dunia walikubaliana kwamba, kwa kuwa Bujagali yanazama, maporomoko ya Kalagala na Itanda yaachwe yalivyo. Kisha likajengwa bwawa la tatu, Isimba, megawati 183, likazinduliwa Machi 2019. Maji yake yakapanda na kumeza mawimbi ya chini, pamoja na lile liitwalo Nile Special, lililokuwa likivuta wapiga kayaki kutoka kila pembe ya dunia. Itanda limebaki katikati, bwawa juu na bwawa chini.

Bei iliyoandikwa ubaoni ilikuwa ya dola. Tukaomba bei ya Afrika Mashariki, tukaonyesha pasi, wakashauriana, ikashuka hadi 220,000 pamoja na chakula na gari. Bado ni fedha nyingi. Nikamlipia mpwa wangu, mimi nikapanda boda ya kwenda na kurudi kwa 40,000 nimtazame akipita. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni udongo mwekundu, na dereva wangu alinishusha mara mbili nitembee palipokuwa na utelezi. "Mama, wewe ni mzigo wa thamani," alisema. Sikujua nicheke au nikasirike.

Itanda unalisikia kabla ya kuliona. Nilikaa juu ya mwamba, mita labda kumi kutoka kwenye maji. Mto mzima unaminywa katikati ya mawe, unapanda, unajikunja na kurudi nyuma kana kwamba umesahau kitu. Kando yangu wavulana watatu walikuwa wakivua kwa ndoano, migongo yao kwenye maporomoko, hawayajali kabisa. Mmoja wao alinionyesha wapi pa kukaa nisilowe. Hawa hawakulipa kiingilio. Mimi nililipa 5,000.

Mashua za mpira zilipofika, abiria wote walishuka. Sehemu ya juu ya Itanda hawaiingii. Walizibeba mabegani kupita kando, mashua ya bluu juu ya vichwa vyenye kofia ngumu, miguu peku kwenye mawe yaliyolowa, na nyuma yao mpwa wangu, majaketi okozi mawili mkononi, uso umempauka. Wakaingia chini. Mwongozaji akapaza sauti, makasia yote yakaingia majini kwa pamoja, mara moja, mara mbili, ya tatu yakakata hewa. Mashua ikasimama wima kwa ubavu. Nikaona matumbo ya watu, kisha nikaona mpira wa bluu tu. Vichwa vikatokea kimoja kimoja. Vijana wa kayaki walikuwa wameshafika, wanawapa watu ncha za vyombo vyao washike. Nilihesabu kofia saba na walikuwa wanane. Yule wa nane alitokea mbali kidogo, akicheka, na alikuwa wangu.

Jioni alikunywa chai vikombe vinne bila kusema neno, kisha akasema, "Shangazi, usimwambie baba." Kaka, kama unasoma, mtoto ni mzima.

Kwa watakaokwenda: vaeni kitu chenye kamba kiunoni, acheni miwani na pete, na ulizeni kama picha zimo kwenye bei. Kwetu hazikuwamo. Wanaoogopa wanaweza kuchukua safari fupi ya maji tulivu, inayofaa hata watoto.

Jumanne, 30 Desemba. Jinja hadi Mbale

Nauli 25,000. Iganga tulisimama kwa muda wa karibu saa mbili kupisha msafara wa kampeni. Uchaguzi ulikuwa wa Januari na barabara nzima ilikuwa mabango, ngoma na vumbi. Utingo akafungua mlango, akanunua roleksi za abiria wote waliompa fedha, akarudi na chenji kamili ya kila mtu. Huyo apewe cheo. Kwa wasioijua, roleksi ni chapati iliyoviringishiwa mayai, nyanya na vitunguu, 3,000, na inakaa tumboni hadi jioni. Baada ya Iganga, mashamba ya mpunga na barabara ya Tirinyi, hakuna la kusimulia hadi mlima ulipotokea.

Mbale iko chini ya ukuta wa Wanale, mwamba mrefu wenye nyuzi nyeupe za maji. Mama mwenye mkahawa karibu na stendi alitupikia malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga, kwa ndizi, 8,000 sahani. Ladha yake ni moshi kwanza, karanga baadaye. Nikaomba niongezewe.

Usiku, kibanda umiza tena. Uganda walikuwa wakicheza na Nigeria, sisi na Tunisia, saa ile ile. Nigeria wakashinda 3-1. Stars wakatoka sare 1-1 na kuvuka makundi kwa pointi mbili. Tulijua matokeo yetu kwa simu na tukayanyamazia hadi tulipofunga mlango wa gesti.

Jumatano, 31 Desemba. Sipi

Mbale hadi Sipi, 12,000, lami nzuri inayojikunja ukutani mwa mlima. Dereva alizima muziki kwenye kona, ishara niliyoipenda.

Sipi kuna maporomoko matatu, na lile la chini ndilo refu, kama mita 100, linaanguka kutoka kwenye mwamba bila kugusa kitu. Tulichukua mwongozaji kijana wa hapo, 40,000 kwa wote wawili, saa nne za kutembea. Wasomaji watakutana na malalamiko kwamba Sipi unalipishwa kila baada ya hatua: 5,000 kwenye ngazi, 3,000 kwenye daraja la miti, tena nyuma ya nyumba ya mtu. Ni kweli, tulilipa mara nne. Lakini njia inapita katikati ya migomba na mibuni ya watu, juu ya ardhi yao, na watalii wanaikanyaga kila siku. Mimi ningetoza zaidi. Kinachokera ni kutojua mapema. Mwambieni mwongozaji ajumlishe malipo yote kabla hamjaanza.

Mama mmoja alitukaribisha kwenye kahawa yake. Sisi wa Bukoba ni watu wa robusta, tumekua tukitafuna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwa hiyo nilifika na kiburi changu. Yeye analima arabika ya Elgon. Akatutwangisha kwenye kinu cha mbao, akapeta, akakaanga kwenye kikaango cheusi juu ya kuni tatu, akikoroga bila kusimama, hadi punje zikaanza kupasuka kwa sauti ndogo. Akazimwaga kwenye ungo akazipepea, moshi mtamu ukajaa jiko. Kikombe changu hakikuhitaji sukari. Nilikuwa na akamwani kwenye mkoba. Nikampa, akatafuna moja, akakunja uso, akasema kwa adabu kwamba ni dawa nzuri.

Mwaka mpya ulitukuta kwenye kibanda cha mbao cha 50,000, baridi ya kuuma meno. Mwenye nyumba alitugongea saa nne usiku na blanketi la tatu na chupa ya chai, akakataa fedha. Kanisa lililo bondeni liliimba hadi alfajiri.

Alhamisi na Ijumaa, 1 na 2 Januari 2026. Kapchorwa

Alhamisi kila kitu kimefungwa. Tulifika Kapchorwa kwa boda, 10,000 kila mmoja, tukalala.

Kiswahili huku ni cha kila mtu. Wasabiny, wenyeji wa huku, ni ndugu wa Wakalenjin, mpaka wa Kenya uko Suam, na lami inayokwenda huko imefungua biashara ya kwenda Kitale. Mpwa wangu alitembea akitaja majina kama anasali: Stephen Kiprotich, dhahabu ya marathoni London 2012. Cheptegei, mita 5,000 kwa 12:35.36 Monaco na 10,000 kwa 26:11.00 Valencia, zote mwaka 2020, kisha dhahabu Tokyo na Paris. Peruth Chemutai wa Bukwo, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Wote kutoka upande huu mmoja wa mlima.

Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro, tulikuwa barabarani. Mwenye gesti alikuwa amemwambia kocha mmoja, kocha akasema kijana aje. Walikuwa ishirini na kitu, wasichana sita, viatu vya kila rangi, wengine soli zimeshonwa upya. "Leo ni taratibu," kocha alisema. Mimi nikapanda nyuma ya pikipiki yake.

Taratibu yao ilikuwa mbio za kijana wangu. Kilomita ya kwanza alikuwa katikati ya kundi. Ya pili, mkiani. Barabara ikaanza kupanda kuelekea Teryet, kulikojengwa kituo cha taifa cha mazoezi ya mwinuko, na hapo nikamwona anafungua mdomo. Wasichana sita wakampita, mmoja akiongea.

"Anatoka wapi?" kocha akaniuliza.

"Bukoba. Kando ya ziwa, mita 1,100 na kitu."

"Huku tuko 2,000 na tunapanda. Mapafu ya ziwani hayajazoea. Si mbaya, mama. Mkono wake mzuri."

Akaniambia kilichonikaa zaidi ya yote ya safari hii. Wakimbiaji wa hapa kwa miaka mingi walivuka mpaka kwenda kufanya mazoezi Kenya, Eldoret na Kaptagat, hata Kiprotich na Cheptegei walipitia huko. Mwinuko ulikuwa ule ule, mlima pengine mzuri kuliko kule. Waliyoyafuata ni kocha, kambi, daktari, watu wa kukimbia nao. Sasa yeye anataka Wakenya waje huku. Nikawaza mto wa Jinja: pale mteremko unagombewa. Huku mteremko umejaa, hakuna anayeutaka kwa kitu kingine, na bado ulikaa miaka bila wa kuutumia.

Msichana aliyeongea akipanda alirudi akimkimbiza mpwa wangu polepole, hatua kwa hatua, kilomita nzima ya mwisho, na kumpa maji yake. Kocha akamwandikia programu ya wiki sita kwenye karatasi ya daftari langu. Hakutaka malipo. Tukanunua maziwa na chapati za kundi zima, 45,000, na hiyo ndiyo fedha niliyoitoa kwa raha kuliko zote.

Ukija kukimbia, njoo na siku za kutosha; mbili za kwanza utembee tu. Koti la mvua, sweta, viatu vya udongo. Gesti za kawaida ni 35,000 hadi 50,000. Kambi usiingie tu na kamera, uliza mtu kwanza, watu wako kazini.

Jumamosi, 3 Januari. Kurudi

Kapchorwa, Mbale, Kampala kwa basi moja baada ya jingine, kisha basi la usiku hadi Mutukula ili tuwahi nyumbani Jumapili kuona Stars wakicheza na Morocco. Njiani kuingia Kampala, jua likizama, tuliupita uwanja wa Namboole upande wa barabara ya Jinja. Hapo ndipo Uganda walichezea CHAN Agosti 2025, na AFCON ya 2027 itachezwa kwao, kwetu na Kenya. Wanaopanga kuja wakati huo, msilale katikati ya jiji. Tafuteni Kireka au Bweyogerere mtembee kwa miguu hadi uwanjani, maana foleni ya barabara ile hata siku isiyo na mechi ilitukalisha saa moja na nusu, na konda wetu alishuka, akanunua mahindi ya kuchoma, akala, akaturudia tukiwa bado pale pale.